Chupi chini ya leso: siku 13 za kufua baharini

Mama ametimiza miaka 70, na sisi wanawe tukaamua kumtembeza kwa meli. Ndugu zangu wa Mombasa walichanga nauli ya ndege. Mimi niliye Uingereza nikabeba meli. Usiku 12 kutoka Southampton kwenda Lisbon, Madeira, Tenerife, Lanzarote na A Coruña, kisha kurudi pale pale. Tulikuwa watatu chumba kimoja: mimi, Mama na binti yangu wa miaka 11. Habari za viza ni ndefu na zinachosha, sizigusi. Nasimulia nguo. Mama amenipa ruhusa kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisitaje rangi. Rangi ya nini, mtaona mbele.

Siku ya 1. Southampton

Safari ilianza kwa pasi kukamatwa. Mizigo ilipopita kwenye mashine ya ukaguzi bandarini, afisa mmoja aliweka kando sanduku la Mama, akalifungua, akatoa furushi lililofungwa kwa leso, yaani kanga. Ndani mna pasi ndogo ya umeme, ile ya mkono wa kukunja, ambayo imezunguka nasi tangu niko sekondari. Kumbe kwenye meli hizi pasi haziruhusiwi vyumbani kwa kuhofia moto. Mtu anaisahau juu ya kitanda, anapanda juu kula, na katikati ya bahari hakuna zimamoto wa kupigiwa simu. Tukaandikiwa kijikaratasi, tukaambiwa tutaichukua siku ya kurudi.

"Ndege mbili zimeniacha na pasi yangu," Mama akasema, "meli ndiyo yaninyang'anya."

Chumba ni kizuri, kina roshani, lakini bafu ukiinama kuosha miguu makalio yako yako nje ya mlango. Juu ya bomba la mvua kuna kikopo kidogo ukutani kimefichwa kamba nyembamba. Unaivuta hadi ukuta wa pili, unainasa kwenye ndoana, basi una kamba ya kuanikia. Mama aliivuta mara tatu na kuiachia ijirudie, kama mtoto na mpira. "Hapa twaweza kuishi."

Kabatini mlikuwa na mfuko wa nguo chafu na orodha ya bei. Unajaza, unaweka alama, unamwachia mhudumu wa chumba, nguo zinarudi kesho yake zimefuliwa na kupigwa pasi. Kwa bei ya shati moja, Kongowea ningepata mitumba mitatu na nauli ya matatu kurudi nyumbani. Lakini Mama hakukwama kwenye bei. Alikwama kwenye mstari wa chini: nguo za ndani.

"Yaani kuna mtu atoa chupi yake, ampa mwanamume amfulie?"

Aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa. Hata nyumba yenye msichana wa kazi, hata ukiwa mgonjwa, hiyo nguo unaifua mwenyewe wakati wa kuoga. Ukimwachia mtu mwingine umemtusi, na wewe umejitusi zaidi.

Siku ya 2. Baharini

Ghuba ya Biscay ilitupokea kama ilivyosifiwa. Watu wanatembea ukumbini kama wamelewa, na wengine kweli wamelewa.

Meli yetu ina vyumba vya kufulia vya abiria, kimoja karibu kila sitaha ya vyumba vya kulala. Si kila meli inavyo. Nyingi kubwa za kisasa hazina kabisa, na mimi niliichagua hii kwa sababu hiyo hiyo. Nikaenda kuchungulia tu. Mashine nne za kufua, nne za kukausha zimepandishwa juu yake, mbao tatu za kupigia pasi, pasi tatu, na moja kati yake inavuja. Sabuni bure, umeme bure. Bure ni neno tamu, ila lina foleni.

Jioni hiyo ilikuwa ya kwanza kati ya tatu za kuvaa rasmi, na nusu ya Uingereza ilikuwa mle ndani imeshika mashati. Niliweka dera la Mama mkononi nikasimama dakika arobaini. Mbele yangu mama mmoja alipiga pasi suruali, shati, tai, kisha akatoa mfukoni leso za mkononi za mumewe, sita, na kuzipiga moja moja, pembe kwa pembe. Nyuma yangu watu walianza kuhema kwa sauti. Mwingereza akihema hivyo, ujue ametukana.

Niliporudi bila kupiga kitu, nikakuta Mama amelifungia buibui lake bafuni, amefungua maji ya moto, mvuke umejaa. Dakika kumi, mikunjo imekwisha. "Foleni ni ya watu wasio na akili," akasema. Nikatundika na dera.

Siku ya 3. Baharini

Leo Mama amefua kwa mkono, na mimi nikajifunza habari ya maji.

Maji ya melini hutengenezwa humo humo. Maji ya bahari huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, au husukumwa kwa nguvu kwenye chujio zinazoizuia chumvi. Yanayotoka ni mepesi mno. Sisi tuliokulia maji ya kisima cha chumvi twaijua sabuni isiyotoa povu: unafikicha hadi vidole vinachubuka, na juu ya maji unaelea utando wa kijivu tu. Mama alikatia kipande cha sabuni ya mche alichokuja nacho kutoka Mombasa kwa kipimo cha kwao, akasugua mara mbili, na sinki ikafura povu hadi kwenye kioo. Kusuuza kukawa kazi ya asubuhi nzima, maana yeye husuuza mara tatu bila hesabu kupungua, na nguo za kuswalia hazitoki majini mpaka aridhike zimetwahirika.

Akaita kutoka bafuni: "Ndoo! Ndoo upesi!"

Kwetu Mvita, ndoo ni njoo. Binti yangu Kiswahili chake amekipata kwa babake, mtu wa Morogoro, na yeye akasikia ndoo. Akazunguka chumba kizima, akarudi amebeba kile kindoo cha chuma cha kuwekea barafu. Mama akakitazama, akakipima kwa jicho. "Ni kidogo, lakini chafaa." Nilikinyakua kabla hakijapata aibu, wiki ijayo mtu mwingine atakitilia barafu ya soda. Tukakubaliana kwamba Lisbon tutatafuta karai. Binti yangu akasema karai ni la kukaangia maandazi. Nikamwambia hilo ni la babake, letu ni la kufulia.

Kukausha nako kuna ufundi. Nguo ukishaikamua, itandaze juu ya taulo kavu, vikunje pamoja kama mkeka, kisha panda juu uvikanyage. Mama alisimama juu ya taulo, mkono mmoja ukutani, meli inayumba, anakanyaga polepole kama mtu anayepima udongo wa kujengea. Taulo likanywa maji yote. Likabaki jambo la kuanika.

Pwani chupi haianikwi wazi. Unaianika kwanza, kisha juu yake unatandaza leso, na mpita njia anaona leso tu. Kila mtu anajua kilichoko chini, na hakuna anayejua. Mama akafanya hivyo hivyo bafuni. Mhudumu wetu, kijana wa Goa, India, mwenye adabu sana, alipokuja kutandika, alikuta kamba yenye leso moja iliyonyooka, na bibi mmoja amekaa mlangoni kama askari. Kwa kuwa Mombasa ina Wagoa wake tangu zamani, wakaanza mazungumzo kuhusu samaki wa nazi, na bafu likaachwa bila kusafishwa.

Siku ya 4. Lisbon

Tuliingia mtoni Tagus alfajiri. Meli ilipita chini ya daraja la 25 de Abril, lile jekundu la mwaka 1966, na kutoka juu ukasikika mvumo kama mzinga wa nyuki. Ni magurudumu ya magari yanayopita juu ya sakafu ya chuma. Mama alisimama roshani na tasbihi yake.

Kituo cha meli kiko Santa Apolónia, na ukitoka tu, Alfama iko juu yako. Sikumpeleka Mama Belém. Alishauliza kama Vasco da Gama amezikwa huko, nikasema ndiyo, katika kanisa la Jerónimos, akasema basi hana haja ya kumtembelea. "Alikuja kwetu 1498 bila kualikwa. Tumeshaonana."

Alfama ni Mji wa Kale wa Mombasa uliopandishwa mlimani: vichochoro, ngazi, kuta zinazokaribiana, paka. Na nguo. Kila dirisha lina kamba zake, zimefungwa kwenye vigurudumu ili mtu azivute akiwa ndani. Shuka, fulana, suruali ya kazi ya mtu mrefu sana. Tone la maji lilimwangukia binti yangu utosini akaruka. Mama alikuwa anatembea ametazama juu, na alikuwa anasahihisha kama mwalimu: huyu amebana mashati kwa pindo, ni vizuri, hayatabaki alama mabegani, yule amechanganya nyeupe na ya rangi, aombe Mungu isichuje. Soksi zilikuwa mbili mbili, kila pea kibanio kimoja. Akasimama kabisa alipoona hilo.

Juu ya vichwa vyetu bibi mmoja wa makamo yake alikuwa anaanua, vibanio viwili mdomoni. Wakatazamana. Mama akamwonyesha kwa kidole: nguo, kisha akasugua mikono, kisha akainua nyusi. Bibi akatoa vibanio mdomoni, akasema, "Sabão."

"Sabuni," Mama akajibu, kama anayemsahihisha.

"Sabão, sabão," bibi akacheka, kisha akashuka mlangoni na kuishika leso aliyojifunika Mama. Akasema maneno mengi ambayo sikuyapata ila moja: lenço. Mama alinigeukia mato yamemtoka. "Amesema leso!" Nikamweleza njiani kwamba neno lenyewe ndilo hilo. Wareno ndio waliokuwa wakiuza hivyo vitambaa vya mraba, wanawake wetu wakavinunua bila kukatwa na kuviunganisha, na jina likabaki Mombasa hata nguo yenyewe ilipokuwa nguo nyingine. Na meza ni yao. Na bendera. Na gereza, ambalo kwao ni kanisa. Mama akatafakari hilo la mwisho kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya mwisho.

Bibi alimpa zawadi ya vibanio viwili vya mbao. Mama akavifunga pembeni ya leso kama mtu aliyepewa pesa.

Karai tulilipata karibu na Martim Moniz, mtaa wa maduka ya Wachina na Wabangladeshi, plastiki tupu, rangi ya buluu, bei ya kikombe cha kahawa cha melini. Pale pale, Rua do Benformoso, tukala biriani ya halali. Tulirudi melini na karai, na afisa wa ukaguzi aliligeuza juu chini mara mbili akakosa kosa lake.

Siku ya 5. Baharini

Sasa ile habari yenyewe.

Bafuni hewa inavutwa na feni, nguo nyembamba zinakauka usiku mmoja. Ila chini ya leso haziwezi, leso inakula hewa yote. Siku ya pili zina unyevunyevu na harufu ya kabati. Mama hakuniambia kitu. Tulipokwenda kula asubuhi alibaki nyuma dakika tano, akasema anafunga mtandio.

Aliianika leso kwenye ukingo wa roshani, maandishi yakitazama bahari: Hasidi hana sababu. Chini yake chupi tatu. Alibana kwa vibanio vya Lisbon, na cha tatu alitumia pini ya mtandio. Nje kulikuwa na upepo, na juu ya upepo kuna mwendo wa meli yenyewe.

Tuliporudi, leso ilikuwa inapigapiga kwa pembe moja. Chupi zilikuwa mbili. Simu ya chumbani ikalia: dada wa mapokezi, kwa upole mwingi, anaomba tuondoe vitu vilivyotundikwa roshani.

"Mwambie ni bendera," Mama akasema.

Binti yangu akachungulia chini, akarudi amejiziba mdomo. Roshani ya chini, mzee na mkewe walikuwa wamekaa na chai yao. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu isipokuwa kwa chupi ya Mama, imelala juu ya mgongo wa kiti, na kibanio bado kimeing'ata.

Nilitaka kushuka kuomba radhi. Mama akanizuia mlangoni. "Ukienda kugonga huko, mimi nateremka Madeira na sirudi." Kisha akatamka hukumu: "Hiyo si yangu." Akarudi kukaa, akafungua Yasini. Mjadala ukafa.

Mimi nilidhani katazo la roshani ni mambo ya sura tu, meli isionekane kama magorofa ya Buxton kule Mombasa. Jioni nilisoma zaidi. Machi 2006 meli ya Star Princess ilikuwa inaelekea Montego Bay, Jamaika, alfajiri, moto ukashika kwenye roshani moja, inaaminika ni kwa kitako cha sigara, ukapanda roshani hadi roshani kwa kuwa huko nje kulikuwa na vitu vingi vya kuungua na hakukuwa na vinyunyizio vya maji. Abiria mmoja alifariki kwa moshi. Tangu hapo roshani zinaangaliwa kwa jicho jingine. Nilimsimulia Mama. Akanyamaza, kisha akaitoa leso roshani hata pale kwenye kiti ilipokuwa imekunjwa, akaiweka kabatini.

Siku ya 6. Funchal, Madeira

Leo nimefua kwa mashine, na ushauri wangu kwa yeyote ni huu: siku ya kufua ni siku ya bandari. Watu wote wameshuka. Nikampeleka Mama na binti yangu hadi kwenye gari la kamba la kwenda Monte, nikarudi. Saa nne asubuhi chumba cha kufulia kilikuwa tupu kama msikiti wakati wa mpira.

Sikuwa peke yangu kabisa. Mzee mmoja mwembamba, sweta limeingizwa ndani ya suruali, alikuwa anapiga pasi mashati kwa mwendo nisiowahi kuuona: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo mwisho, na hatua mbili za kurudi nyuma kulitazama. Akaniuliza kama nimekuja kufanya dobi.

Nikamwuliza amesema nini.

Dobi, akarudia. Alitumikia jeshi la wanamaji la Uingereza miaka mingi, na huko kufua hakuitwi jina jingine. Hata sabuni ya unga wanaiita vumbi la dobi. Neno wamelitoa India, na sisi tumelitoa huko huko kwa dau letu wenyewe. Nikamwambia Mombasa dobi ni mtu, tena mtu mwenye pasi ya makaa, na ukimpelekea kanzu ya Idi umechelewa, Idi itakukuta na shati. Akacheka hadi akaiacha pasi juu ya kola. Akainyakua, akanusa kitambaa, akasema wakubwa wake wangemfunga kwa hilo.

Alinifundisha kitu kimoja: usikaushe kabisa. Toa mashati yakiwa na unyevu kidogo, yapige pasi hapo hapo, nguo inanyooka kwa nusu ya jasho. Mashine tatu nilizimaliza kabla ya adhuhuri, na Madeira niliiona kutoka sitaha ya juu dakika arobaini arobaini, huku nasubiri: mji mweupe umepanda mlima, na mawingu yamekaa juu yake kama kilemba.

Mama alirudi na habari za mifereji. Kisiwa kizima kimekatwa mifereji ya maji inayoitwa levada, inayoshusha maji ya milimani hadi mashambani. Yeye alichoona ni jiwe. "Pembeni ya maji pale kuna jiwe limelala, laini. Hilo lilifuliwa nguo juu yake. Jiwe halilainiki vile kwa mvua."

Nguo zake za kuswalia, nilizozitoa kwenye mashine, alizichukua bila neno na kuzisuuza tena kwenye karai. Mara tatu.

Siku ya 7. Santa Cruz de Tenerife

Hakuna kufua. Tulimtafuta Teide siku nzima, mlima mrefu kuliko yote Hispania, amejifunika. Binti yangu amemwaga aiskrimu ya chokoleti juu ya gauni jeupe la jioni ya rasmi ya tatu. Maji baridi mara moja, sabuni ya mche, usiguse maji ya moto. Doa limetoka. Mama anatembea leo kama daktari bingwa.

Siku ya 8. Arrecife, Lanzarote

Kisiwa cheusi. Volkeno zilitapika hapa kuanzia 1730 hadi 1736, miaka sita, na kwenye hifadhi ya Timanfaya bado ardhi ni ya moto hivi kwamba mkahawa wa pale unachoma kuku kwa joto la shimo. Mama aliweka kiganja juu ya changarawe, akakitoa haraka. Akasema hapa mtu angeanika shuka saa nne, adhuhuri akaanua.

Mvua karibu hakuna, mito hakuna. Maji ya bombani ni ya bahari iliyotolewa chumvi, kama ya meli yetu. Vumbi jeusi likaingia kwenye pindo la buibui, ambako halionekani, na kwenye soksi nyeupe za binti yangu, ambako linaonekana mpaka leo.

Siku ya 9 na ya 10. Baharini

Siku mbili mfululizo bila bandari, watu wana nguo za visiwa vitatu, na chumba cha kufulia kimegeuka baraza la usuluhishi. Nilifika saa mbili kasoro robo kabla hakijafunguliwa, nikawa wa saba.

Kosa lenyewe huwa moja. Mashine imemaliza, mwenyewe hayupo, amekwenda kunywa chai. Utasubiri muda gani kabla ya kuzitoa nguo zake? Bwana mmoja alisubiri, kwa saa yake, dakika mbili. Akazitoa zikiwa zimelowa, akazirundika juu ya mbao ya pasi. Mwenyewe akaja na kukuta nguo zake za kuogelea zinatonya juu ya shati la mtu wa tatu. Watatu hao hawakupigana, lakini wasiposalimiana hadi Southampton sitashangaa. Nilimtafsiria Mama kesi nzima. Akasema kwa haya yote angekuwapo dobi mmoja mwenye lugha chafu, foleni ingenyooka.

Kwenye mlango wa kila mashine ya kukausha kuna tangazo la kusafisha chujio la nyuzi. Nililivuta la kwangu likatoka blanketi la kijivu, nene kama kidole, la nguo za watu wangapi sijui. Hizo nyuzi si uchafu wa kupuuzwa. Tarehe 20 Julai 1998 meli ya Ecstasy ilishika moto ikitoka Miami. Mafundi walikuwa wanachomelea chuma kwenye chumba kikuu cha kufulia, cheche zikaingia kwenye nyuzi zilizorundikana ndani ya njia za hewa, na moto ukasafiri nazo hadi nyuma ya meli. Nilisafisha chujio langu, na la jirani.

Kijana wetu wa Goa ametuambia alianzia kazi kwenye chumba kikuu cha kufulia cha meli, huko chini, kabla ya kupanda kuwa mhudumu wa vyumba. Ni karibu na usawa wa bahari, hakuna dirisha, joto halina saa. Shuka zinalishwa kwenye roli kubwa la moto upande huu, zinatoka upande ule zimekauka na kunyooka, na wawili wanazipokea. Mama alimwuliza kama kuna wanawake. Alisema wachache. Mama akakunja midomo, nikajua anachofikiria, na kijana naye nadhani alijua, kwa sababu aligeuka kulikunja taulo la binti yangu kuwa tembo.

Siku ya 11. A Coruña

Mvua. Tumeuona mnara wa Hercules, taa ya meli tangu enzi za Warumi, kupitia kioo cha basi. Tumerudi tumelowa watatu, na kamba ya bafuni imebeba makoti hadi ndoana ikang'oka.

Siku ya 12. Baharini

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango, wahudumu huyakusanya, unayakuta bandarini asubuhi. Nilipakia vizuri mno: safi huku, chafu huku, viatu chini, karai la buluu juu limekumbatia sanduku la Mama kama kofia. Nikayatoa nje saa tatu usiku. Saa tatu na nusu Mama akauliza kesho atavaa nini.

Nilikuwa nimepakia kila kitu. Buibui na dera alilokuwa amevaa, hayo alikuwa nayo. Nikatoka mbio, korido tupu, masanduku yamekwenda.

"Na ya ndani?" Mama akauliza kwa sauti ya chini sana.

Mlango ukagongwa. Kijana wa Goa alikuwa na kifurushi mkononi, karatasi nyeupe nyororo, aina ile wanayofungia mashati ya kulipia. Hakusema kimetoka wapi. Alisema tu bibi wa sitaha ya chini alimkabidhi mwenzake kitu siku kadhaa nyuma, na yeye amekijua kwa kibanio. Akainamisha kichwa, akaondoka kabla sijamshukuru.

Mama akakifungua kitandani kwa vidole viwili. Kibanio cha mbao cha Alfama. Chini yake, imekunjwa mraba sawasawa, pembe kwa pembe, chupi. Akaiinua kwenye taa.

"Wameipiga pasi," akasema.

Tukakaa kimya, mimi nikitazama ukuta. Binti yangu alikuwa ndani ya shuka anatetemeka kwa kicheko.

Siku ya 13. Southampton

Koridoni Mama alikutana na kijana uso kwa uso. Alivuta leso hadi puani, akampa mkono, ndani ya mkono mlikuwa na noti iliyokunjwa mara nane. Hawakusema chochote, wala yeye wala huyu.

Bandarini tukapeleka kijikaratasi. Mezani pasi zilikuwa zimepangwa safu, kumi na tano au zaidi, na birika za umeme, na nyaya za kuunganishia. Mama akaikuta yake, akaigeuza kuona kama wameitumia.

Tulikuwa tumeshatoka kwenye barabara kuu, binti yangu amelala na karai mapajani, ndipo Mama akageuka kutoka dirishani.

"Yule kijana," akasema, "aliipiga yeye, ama huko chini kuna mwingine?"

"Sijui, Mama."

"Basi," akasema, na kurudi dirishani.